Kitanda cha Pili

Maneno haya, juu ya kuwapokea wateja wanaowapenda wenzao wa jinsia moja, niliyasema mbele ya wanasihi, maafisa ustawi wa jamii na wauguzi wa afya ya akili tuliokutana Dodoma. Wapo walioshindwa kufika, nao wameniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Mbukwenyi, ndugu zangu.

Asanteni kwa kufika, hasa nyinyi mliotoka Kongwa, Mpwapwa na Manyoni mkalipita vumbi la kiangazi hiki. Najua wapo waliosita. Mmoja wenu alinipigia jana usiku akaniuliza, "Mama, mada hii haitatuletea shida?" Nikamwambia tutazungumzia kazi yetu ile ile ya kila siku, kukaa na mtu aliyeelemewa moyo. Nashukuru amekuja. Namwona.

Nataka nianze na kitanda.

Miaka michache iliyopita walikuja kwangu wanawake wawili. Mkubwa alikuwa mtumishi wa ofisi fulani, mdogo alikuwa fundi cherehani mwenye fremu yake. Wakaniamkia, wakakaa kwenye ncha za viti kama watu walio tayari kuondoka. Wakasema wao ni mtu na mdogo wake, wamepanga nyumba moja, na siku hizi hawaelewani. Basi nikafanya kazi na mtu na mdogo wake. Tukazungumza kodi, umeme, nani anapika, nani anachelewa kurudi. Walijibu kila nilichouliza na hakuna kilichosogea. Siku ya tatu yule mkubwa aliutazama mlango, akahakikisha umefungwa, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, sisi si ndugu."

Nilinyamaza kidogo. Kisha nikasema, "Asante kwa kuniambia. Basi nielezeni, nyinyi ni nani na nani?" Yule mdogo akaanza kulia kabla mwenzake hajajibu.

Ndipo nikasikia habari ya kitanda. Wana vyumba viwili. Katika chumba cha pili kuna kitanda cha futi tatu na nusu kwa sita, kina godoro, mto na chandarua, na hakijawahi kulaliwa. Walikinunua kwa ajili ya macho ya watu: mama mwenye nyumba anayeingia bila hodi, binamu anayepita kutoka Singida, jirani anayekuja kuomba chumvi huku macho yanazunguka. Kila asubuhi kabla ya kutoka, mdogo alikivuruga. Alikunja shuka upande mmoja kama mtu aliyeamka kwa haraka, akaupiga mto ngumi ubaki na shimo la kichwa, akatupia gauni la kulalia upande wa miguuni. Mkubwa alikuja nyuma yake kukagua. "Shimo limekaa katikati mno," alimwambia siku moja, "mtu halali hivyo." Miaka minne. Na ugomvi uliowaleta kwangu ulianza asubuhi ambayo mdogo alichoka, akakiacha kitanda kimetandikwa.

Wameniruhusu niwaeleze haya, na nimebadilisha kazi zao na miji yao. Kitanda sikukibadilisha.

Tukimwona mtu anayempenda mwenzake wa jinsia moja ana sonona, wengi wetu tunadhani sonona imeletwa na kupenda kwake. Tunaanza kumchimba: alilelewaje, nani alimharibu, baba alikuwa wapi. Huko Marekani mtafiti Ilan Meyer alizikusanya tafiti nyingi, na mwaka 2003 akaandika makala ambayo mpaka leo ndiyo tunayoanzia. Alikiita kinachowaumiza watu hawa msongo wa walio wachache. Kuna mzigo unaotoka nje, yaani matusi, kipigo, kufukuzwa nyumbani au kazini. Huo tunauona. Halafu kuna ule unaohamia ndani. Mtu anaanza kutarajia kukataliwa hata pale ambapo hakuna aliyemkataa bado. Anaanza kujificha. Mwishowe anaanza kuyaamini yale matusi, akajitukana mwenyewe usiku wakati hakuna mtu mwingine chumbani.

Rudini kwenye kile kitanda. Hakuna aliyewapiga wanawake wale wala kuwatukana. Ukiwauliza maswali ya kawaida ya fomu, utaandika "hakuna tukio". Lakini kila alfajiri walianza siku kwa kuutengenezea ulimwengu uongo wa shuka na mto, na kwa kuogopa kwamba uongo huo haujakaa vizuri. Kuficha ni kazi, ndugu zangu, na haina likizo. Inakula usingizi, inakula hamu ya chakula, na kwa wale wawili ilikuwa imeanza kula hata upole waliokuwa nao kwa kila mmoja.

Sisi Waswahili tuna neno dogo kwa hali hiyo. Mtu anasema, "Nina mawazo." Hasemi ana sonona. Washona wa Zimbabwe wana lao, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Daktari Dixon Chibanda alilichukua neno hilo kama lilivyo, na mwaka 2006 akaanza na bibi 14 katika mtaa wa Mbare, Harare, akawafundisha kukaa kwenye benchi na kumsikiliza mwenye mawazo hatua kwa hatua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha waliokaa na bibi wale walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nawatajia hili kwa sababu kila tukikutana kuna anayesema, "Sisi hatuna vifaa." Kifaa cha kazi hii ni mtu anayejua kusikiliza, aliyejifunza mbinu chache na akazishika vizuri.

Sasa nije kwenye neno "ugonjwa", maana bado nalisikia vyumbani mwetu.

Hapa Dodoma mwaka 1973 hausahauliki. Ndio mwaka TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie kwetu. Desemba ya mwaka huo huo, Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kilikaa kikaamua kwamba kumpenda mtu wa jinsia yako si maradhi ya akili, wakalifuta kwenye kitabu chao kinachoorodhesha maradhi ya akili. Hawakuamka asubuhi moja wakawa wema. Katika miaka ya 1950 mwanasaikolojia Evelyn Hooker aliwapima wanaume 30 wanaopenda wanaume na 30 wanaopenda wanawake, akawapelekea mabingwa majibu yasiyo na majina, akawaomba watambue yupi ni yupi. Mabingwa walishindwa. Majibu yale yalichapishwa mwaka 1957, na kwa miaka mingi baadaye kitabu hakikubadilika.

Kisha mwaka 1972, kwenye mkutano wa madaktari hao mjini Dallas, mmoja wao, John Fryer, alipanda jukwaani amevaa kinyago, mbele yake kipaza sauti kinachoigeuza sauti yake. Akawaambia wenzake kwamba yeye ni daktari wa akili kama wao, na kwamba anapenda wanaume. Daktari mzima, mbele ya madaktari wenzake, amejificha uso ili aseme jambo moja la kweli. Kila nikifikiria kinyago kile nakiona kile kitanda cha futi tatu na nusu.

Tarehe 17 Mei 1990 Shirika la Afya Duniani nalo lililifuta jambo hilo kwenye orodha yake ya magonjwa. Toleo jipya la orodha hiyo, lililopitishwa mwaka 2019, liliondoa pia habari za watu waliobadili jinsia, au wanaojijua kuwa wa jinsia tofauti na ile waliyoandikiwa kuzaliwa, katika sura ya maradhi ya akili. Kwa hiyo mtu wa Majengo au Nkuhungu akiingia chumbani kwako, huna ugonjwa wa kumwandikia kwa sababu ya yule anayempenda. Haumo kitabuni. Ana sonona? Mtibu sonona. Hana usingizi? Shughulikia usingizi.

Mtaniambia hayo ni ya Wazungu. Nimelisikia mara nyingi na silidharau, kwa sababu wanaolisema wana hofu ya kweli ya kupotezewa mila zao. Lakini kijana aliyekaa mbele yangu mwezi uliopita ametoka Bahi. Amekua kwa ugali wa uwele na mlenda. Anamlilia bibi yake kwa Kigogo. Yeye si mgeni, ni wa kwetu, na maumivu yake ameyapata hapa hapa kwetu. Na waliotuandikia mwongozo mzuri wako bara letu hili: Chama cha Wanasaikolojia cha Afrika Kusini mwaka 2017 kilitoa mwongozo wa namna mtaalamu anavyopaswa kuwapokea watu hawa bila kuwavunja.

Kupokea. Hilo ndilo neno ninalolitumia kwa huduma hii, unasihi wa kumpokea mtu. Na mlango wa kwanza wa kumpokea ni lugha.

Kiswahili kimetupa zawadi ambayo hatuitumii. Lugha yetu haina "yeye" wa kiume na "yeye" wa kike. Naweza kumuuliza mtu, "Una mtu wako? Mnaonana mara ngapi? Anakusikiliza?" na nisimlazimishe kusema uongo hata mara moja. Lakini sisi tunafanya nini? Anaingia mwanamume, tunashika kalamu, tunamuuliza, "Umeoa?" Anaingia mwanamke, "Umeolewa?" Kisha, "Mume anafanya kazi gani?" Mteja anasikia kwamba chumba hiki kimeshaamua. Anafunga mlango wake wa ndani, anaanza kutuelezea maumivu ya kichwa. Yule kijana wa Bahi aliniambia alishakaa na wanasihi wawili kabla yangu na hakuna aliyemtukana. Waliuliza tu habari za mchumba wake wa kike, kwa upole kabisa, na yeye akamtunga mchumba. Akampa jina, akampa na kabila. Vikao vinne walivifanya juu ya binti ambaye hayupo.

Na majina mnayowaita watu, yaangalieni sana. Wapo wanaojiita kuchu, wapo wanaosema tu "mimi niko hivi", wapo wanaosema "mwenzangu" na wakaishia hapo. Neno shoga, ambalo wanawake wa pwani wanaitana kwa mapenzi, huyu huenda alirushiwa pamoja na mawe. Subiri uone yeye anajiitaje, nawe mwite hivyo. Kama hajajipa jina, usimpe wewe.

Hapa sina budi niseme jambo langu mwenyewe, na naliona gumu kila ninapolisema.

Mwaka wangu wa tatu kazini, mzee mmoja alimleta kwangu kijana wa dada yake. Wakati huo nilikuwa mahali pengine, si hapa. Kijana alikuwa mpole, ana elimu yake, na alikuwa ameniamini. Akaniambia tangu utotoni moyo wake haujawahi kuelekea kwa msichana. Nilimsikiliza dakika arobaini. Kisha nikamwambia aoe. Nilisema kwa upole, nilisema kama mama, nikamwambia hali hiyo itapita akipata nyumba na watoto. Nilimwombea. Nikaandika kwenye faili kwamba mteja ameonyesha nia ya kubadilika. Msimamizi wangu alisoma, akasaini.

Alioa baada ya miezi mitano. Miezi minane baadaye aliyeingia chumbani kwangu hakuwa yeye, alikuwa mke wake. Binti wa miaka ishirini na mbili, mikono ina hina. Hakujua mimi ndiye niliyetoa ushauri ule. Alielekezwa tu kwamba kuna mama anasaidia. Akakaa, akaniuliza, "Mama, mimi nina kasoro gani?" Alidhani mumewe hamgusi kwa sababu yeye ni mbaya. Alikuwa ameanza kujipaka vitu vya kujichubua.

Mumewe alijaribu kujiua mwaka uliofuata. Alipona, namshukuru Mungu. Sikumpata tena nimwombe radhi. Kwa hiyo kila nikisema hadharani kwamba hatuwageuzi watu, najua ninachosema. Niliwaumiza wawili kwa sentensi moja, na nilidhani nawasaidia.

Kuna daktari ambaye habari zake hunipa nguvu ninapokumbuka hilo. Aliitwa Robert Spitzer, wa New York. Alikuwa miongoni mwa walioongoza kazi ya mwaka 1973 ya kufuta lile jambo kitabuni. Lakini mwaka 2003 alichapisha utafiti wa watu 200 aliohojiana nao kwa simu, waliosema tiba ya kuwageuza imewageuza, na makanisa na kliniki duniani kote zikaushika utafiti ule kama ushahidi. Mwaka 2012, akiwa anakaribia miaka themanini na mgonjwa, aliandika barua kwenye jarida lile lile. Akakiri kwamba maneno ya watu juu yao wenyewe hayakutosha kuthibitisha kwamba wamebadilika, na akawaomba radhi waliopoteza muda na nguvu zao kwa kumwamini. Mwaka 2016 Chama cha Dunia cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili kikasema wazi kwamba hakuna ushahidi wa kisayansi unaoaminika kuwa mwelekeo wa mapenzi wa mtu unaweza kubadilishwa, na kwamba hizo zinazoitwa tiba za kugeuza huweza kudhuru.

Kwa hiyo mzazi akikuletea mwanaye akasema, "Mrekebishe," msimfukuze mzazi. Naye anaumia, naye ana hofu ya majirani na ya Mungu wake. Mkalishe peke yake, mpe nafasi alie. Lakini kazi aliyokuletea usiipokee.

Sasa wenza. Hapa ndipo tulipo nyuma zaidi, na nitakaa kidogo.

Mume na mke wa kawaida wakigombana, wana watu. Kuna mshenga aliyepeleka barua. Kuna wazee wa pande mbili, kuna somo wa bibi harusi, kuna shangazi anayekuja kukaa wiki nzima na hatoki mpaka mmeongea. Hata wakitengana, kuna atakayekuja kukaa nao mkekani. Hawa wengine wanapendana bila mshenga na wanagombana bila mzee. Hakuna wa kumwambia mkubwa, "Mwanangu, hapo umezidi." Ugomvi mdogo wa vyombo unakaa ndani ya kuta mbili miezi sita, kwa sababu nje hauna pa kwenda.

Na wao kwa wao mara nyingi hawalingani katika kujificha. Mmoja dada yake anajua, mwingine hakuna ajuaye. Mmoja anaweza kushikwa bega sokoni asishtuke, mwingine anaruka kama ameguswa na umeme. Yule anayeguswa na umeme anaonekana ana aibu na mwenzake, na yule mwingine anaonekana hajali usalama. Wote wawili wanaogopa, ila mmoja anaogopa kukamatwa na mwingine anaogopa kufichwa maisha yake yote.

Kwa wale wanawake wangu wawili, ukiutazama ugomvi wao ulikuwa unazunguka. Mkubwa akiingiwa na hofu anakagua, anasahihisha, anaamuru. Mdogo akisahihishwa ananyamaza, anaenda kulala mapema. Ukimya wa mdogo unamzidishia mkubwa hofu, naye anakagua zaidi. Tulikaa vikao vingi kwenye duara hilo. Siku moja nilimwomba mkubwa amwambie mwenzake kile anachokiona kichwani mwake anapolitazama lile shimo la mto. Alijaribu mara mbili akashindwa. Mara ya tatu akasema, "Nawaona wakikutoa nje nikiwa kazini, na mimi sipo." Mdogo alimgeukia. Miaka minne alikuwa amesikia "shimo limekaa katikati mno" na hakuwahi kusikia hofu iliyokuwa chini yake. Naye akasema lake: "Ukinikagua najiona mimi ndiye kosa." Sikuongeza neno. Kulikuwa na upepo siku ile, mabati yanagonga, na sisi watatu tumekaa.

John Gottman na Robert Levenson walifuatilia wenza wa jinsia moja kwa miaka 12 huko Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 2003. Walikuta wenza hao wakitofautiana huanza kwa upole zaidi na kwa utani zaidi kuliko mume na mke waliolinganishwa nao. Nalitaja hili kwa ajili ya wale kati yetu wanaoamini kwamba mapenzi ya namna hii hayawezi kuwa na utulivu. Utulivu wanao. Kinachokosekana ni mahali pa kuuweka.

Na wakiachana, au mmoja akifa, tafadhali muwe karibu. Nimemhudumia mwanamume aliyekaa msibani kwa mwenzake wa miaka tisa kama "rafiki wa marehemu". Alibeba maji, alipanga viti, alisimama mstari wa nyuma makaburini. Hakuna aliyempa pole. Alikuja kwangu miezi mitatu baadaye na cha kwanza nilichofanya ni kumwambia, "Pole kwa msiba." Hakuweza kusema chochote kwa muda mrefu.

Usalama. Nitapita haraka kwa sababu mengi mnayajua, lakini msiyafanyie mchezo. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kipo, kilitoka kwa wakoloni na mwaka 1998 kikaongezewa makali: kifungo cha maisha, na kwa vyovyote kisichopungua miaka 30. Kifungu hicho kinazungumzia tendo. Hakimzungumzii mtu aliyekaa kwenye kiti analia, wala wewe uliyekaa naye. Hata hivyo faili linaweza kumfikisha mtu pabaya. Andika kinachohitajika kwa tiba: usingizi, hamu ya kula, mawazo ya kujidhuru, mpango wa kumlinda. Jina la mwenzake halihitajiki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, nawe una wajibu. Usimtumie mteja ujumbe wa simu ambao mtu mwingine akiusoma utamuumbua. Na hapa kwetu mtu akionekana kwenye mlango wa mnasihi tu, mtaa unasema anaelekea Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Huyu anakuja na aibu mbili, basi msimpange benchi la nje nusu saa.

Usimsukume kujitangaza kwa familia. Huo ni uamuzi wake, na wakati mwingine uamuzi sahihi ni kunyamaza mpaka awe na pa kulala. Muulize moja kwa moja kama amewahi kufikiria kufa. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Na kumbuka kwamba si kila shida yake inatokana na hili. Yupo aliyekuja kwangu kwa sababu bosi wake anamnyanyasa, tukazungumza bosi mwanzo mpaka mwisho.

Kuhusu dini nitasema moja tu. Wengi wa wateja hawa wanaswali na wanasali, wengine ni wanakwaya. Usiwalazimishe chumbani kwako wachague kati ya Mungu na nafsi zao. Wameshalazimishwa kwingine kote.

Nimalizie wale wawili, maana najua mnataka kujua habari za kitanda.

Mwaka jana mama mzazi wa yule mkubwa alitoka Kondoa kuja kutibiwa macho. Walihangaika sana, wakaja kwangu kupanga maneno. Hatukupanga uongo wala hatukupanga kumwambia. Tulipanga tu nani atamkaribisha, nani atampeleka kliniki, na wafanye nini hofu ikipanda. Mama akalala kwenye kitanda kile wiki tatu. Mdogo ndiye aliyemtia dawa ya macho asubuhi na jioni, kwa kuwa mkubwa mikono yake inatetemeka.

Asubuhi moja, anakunywa chai, mama akasema bila kumtazama mtu, "Lile godoro halijawahi kulaliwa." Mkubwa aliniambia alihisi sakafu imeondoka. Mama akamega kipande cha chapati, akachovya, akaendelea kunywa.

Siku ya kuondoka alitoa kwenye mkoba doti ya khanga, mpya, bado ina harufu ya dukani. Akamwambia yule mdogo, "Mwanangu, niletee mkasi wako." Akaikunjua pale sebuleni, akaikata katikati, akawapa kila mmoja kipande. Usiku ule mdogo aliketi kwenye cherehani akapinda pindo zote mbili.